Maneno Yenye Ukoo: Barua kutoka Nakuru

Nakuru, Alhamisi

Kaka yangu,

Niwie radhi kwanza. Wiki tatu nzima nimekuachia ujumbe wa simu wa maneno mawili mawili, "tumefika", "mtoto mzima", kama telegramu za marehemu baba. Sasa nimeketi nikuandikie barua ya kweli. Mjukuu wako amelala, mama yake yuko kazini, na jua limetoka kwa ile saa moja linayotoa sadaka kila siku mwezi huu wa Julai kabla baridi haijarudi kudai mji wake. Nimevaa soksi, Kaka. Mimi, mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, nimevaa soksi mchana.

Na nimepata kazi. Usicheke. Nafundisha Kiebrania, lugha nisiyoijua.

Mwenye nyumba hii ya Section 58 ana kijana wake anayekaa chumba cha chini. Miaka kadhaa nyuma alikwenda mafunzo ya kilimo Arava, lile jangwa la kusini mwa Israeli, akakaa miezi kumi na moja: siku kadhaa darasani, zilizobaki kwenye pilipili hoho chini ya neti. Akarudi na cheti, na akiba iliyomnunulia mama yake ng'ombe, na daftari moja la kurasa mia mbili lenye jalada lililopigwa gundi mara tatu. Sasa anataka kurudi, safari hii kwa kazi ya shamba, kama vijana wengi waliojiandikisha tangu serikali ilipotangaza mpango huo mwishoni mwa 2023. Kila jioni anakaa ngazini na daftari: toda, asante; mayim, maji; lekhem, mkate; toda, asante. Anavuma kama sisi chuoni kwako tulipokuwa hatujui maana ya tunachosoma.

Najua unachotaka kuniambia. Kiebrania, na siku hizi? Nami nasikiliza redio ileile unayoisikiliza wewe, na Gaza inanikosesha usingizi kama inavyokukosesha. Lakini aliyekaa ngazini ni mtoto wa watu anayetafuta riziki, na mimi nimekuwa mwalimu miaka thelathini na mbili. Siwezi kupita mtu anayekariri vibaya.

Jioni ya kwanza alikuwa amekwama kwenye neno moja, mikhtav. Maana yake barua. Kila akifika hapo linamtoka. "Mama," akaniambia, "hili neno liko na jini." Kiswahili cha bara hicho, "liko na", siku ya kwanza nilikuwa nakisahihisha, siku ya pili nikakizoea, siku ya nne nilijisikia nasema "mtoto ako na njaa" nikaomba Mungu usiwe umesikia kutoka Mombasa.

Nikamwambia aliseme tena polepole. Mikh-tav. Nikamuuliza hiyo kh inaandikwaje. Akanionyesha: ni kaf, na kaf ikiwa na nukta tumboni ni k, ikikosa nukta ni kh. Na hiyo v? Ni bet, ikiwa na nukta ni b, ikikosa ni v. Basi, nikasema, toa hiyo mi ya mbele. Umebaki na nini? Akahesabu kwa vidole: k, t, b.

Kitabu, nikamwambia. Katibu. Maktaba. Unalijua neno hili tangu darasa la kwanza.

Ungemwona uso wake. Akafungua daftari, akaanza kuwinda. Likhtov, kuandika. Ktovet, anwani. Katav, mwandishi wa gazeti. Ktav, mwandiko. Ktuba, hati ya ndoa. Yalikuwa yametawanyika kurasa mbalimbali, yatima watano, kila mmoja amekaririwa peke yake. Tukachukua ukurasa mpya, tukaandika juu herufi tatu, na chini tukawakusanya watoto wa mama mmoja.

Tangu siku ile kazi yetu ni hiyo. Yeye anajua herufi na matamshi, mimi najua koo. Maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu ni binamu wa yale ya Kiebrania. Lugha hizi mbili zimetoka tumbo moja la Kisemiti, na zote hushika konsonanti tatu kama mfupa, kisha zikabadilisha irabu katikati na kutia kiambishi pale penye haja. Sisi Waswahili tumerithi nyama ya Kiarabu, lakini mifupa yetu ya Kibantu inafanya kazi kwa namna nyingine. Soma, someka, somesha, msomi, masomo: som- haiguswi, tunajenga mbele na nyuma. Ndiyo maana tulipopewa kitabu hatukuona k-t-b hata kidogo. Tuliona ki-, tukasema vitabu. Tukakata mfupa katikati na wala hatukusikia ukilia. Nilipomweleza kijana hilo akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo Mama, sisi tumeibeba familia yote nyumbani, lakini hatujui kama ni ndugu?" Sikuwa na la kuongeza.

Kuna kanuni moja iliyotufaa kuliko zote: pale Kiarabu kinapotia s au th, mara nyingi Kiebrania hutia sh. Salama ni shalom. Saa ni sha'a. Rasi, ile ya bahari, ni rosh, kichwa. Na rais yuko humo, na rasilimali pia, kichwa cha mali. Juzi tulikwenda soko la Wakulima kununua viazi nikataka kumtahini njiani. Nikashika tufaha kwenye meza ya mwanamke mmoja: akasema tapuakh. Nikashika kitunguu thomu. Akafikiri. Nikamwambia, sisi Pwani tunasema thomu, huku wanasema saumu, wewe tia sh. Shum! Akapiga kelele hivi kwamba muuzaji alidhani tunamlalamikia bei. Theluji, nikasema. Hiyo alifunga macho kidogo: sheleg. Hajaiona theluji, wala mimi. Neno tunalo wote wawili.

Basi kanuni ikatulevya, na hapo ndipo mkate ulipotukomesha.

Lekhem. Nikamwambia kwa ujasiri wa mwalimu mstaafu: hiyo ni lahm ya Kiarabu, nyama, andika nyama. Akaniangalia kwa adabu. "Mama, nilikula lekhem kila asubuhi miezi kumi na moja. Ni mkate." Na ni mkate kweli. Shina ni moja, l-h-m, lakini kila kabila lililipa chakula lilichokitegemea: Waarabu nyama, Waebrania mkate. Bethlehemu basi ni nyumba ya mkate ukiisoma kwa Kiebrania, nyumba ya nyama ukiisikiliza kwa Kiarabu. Nikamwomba anisamehe, na tangu hapo tumeweka sheria: shina linatupa ukoo, lakini maana tunauliza kwa aliyekula.

Neno nyumba lenyewe limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Bayit, na likiungana na jingine huwa beit. Beit sefer, nyumba ya kitabu: shule. Beit kholim, nyumba ya wagonjwa: hospitali. Beit knesset, nyumba ya mkutano: sinagogi. Na sisi, Kaka, wewe uliyenifundisha mizani na vina, tunaita ubeti! Shairi letu limejengwa kwa nyumba. Toka siku hiyo nikitembea Nakuru nasoma vibao kama mwendawazimu. Mji huu umejaa Kiebrania ambacho hakuna anayekisema: shule ya Betheli, nyumba ya Mungu, kanisa la Bethesda, nyumba ya rehema, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ebeneza, jiwe la msaada, na kwa muuza mawe na saruji jina hilo limekaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe. Watoto wawili katika ploti hii wanaitwa Shalom. Wanapigana kutwa.

Shalom nayo ina lake. Nilimfundisha kijana salama, salamu, Islamu, silimu, tukajaza nusu ukurasa. Kisha akaniongezea yeye: leshalem, kulipa. Tashlum, malipo. Nilishangaa mpaka nikafikiria: deni likishalipwa si mambo yamekuwa mazima? Shalem ni kizima, kisichopungua. Kwa kinywa cha leo, lakini, anayesema leshalem yuko kwenye kaunta na kadi mkononi, hana habari na amani. Na bili yenyewe ni kheshbon: hesabu! Kompyuta ni makhshev, kutoka hapohapo, kh-sh-v, kuhesabu na kufikiri. Sisi kwetu wataalamu walishika tarakimu na akili wakatupa tarakilishi, na watu wakaenda zao na kompyuta. Wao walirudi shambani kwao, wakang'oa shina la zamani, wakalipanda upya, na likashika. Kazi hiyo ilianza na watu kama Eliezer Ben-Yehuda, aliyefika Palestina mwaka 1881 na kuamua kwamba mwanawe asisikie nyumbani lugha nyingine ila Kiebrania, wakati lugha hiyo ilikuwa ya sala na vitabu tu, haina hata jina la gazeti. Alichukua et, wakati, akaunda iton, gazeti. Alichukua mila, neno, akaunda milon, kamusi. Namwonea wivu kidogo, na namhurumia mtoto.

Nikupeleke kwa kinyozi. Jumamosi kijana alikwenda kunyolewa nami nikamsindikiza, mjukuu mgongoni, kwa kuwa njia ya sokoni inapita hapo. Kibanda cha mabati, kioo kimoja chenye ufa, picha za mitindo ukutani ambayo hakuna anayeiomba. Mashine ilikuwa inavuma sikioni mwake alipoanza kucheka peke yake. "Sapar," akasema. "Kinyozi ni sapar." Nikasubiri. "Na sefer ni kitabu. Sofer, mwandishi. Sipur, hadithi. Mispar, namba. Sifriya, maktaba. Na mkasi ni misparayim!" S, p, r, zote, na p ikikosa nukta huwa f. Kinyozi akazima mashine. "Kwa hivyo mimi ni mwandishi?" Kijana akamwambia ndiyo, ila unaandika vichwani, na unafuta zaidi ya unavyoandika. Wateja wakacheka. Nyumbani nikamwambia apige mstari katikati ya ukurasa huo, waandishi huku na vinyozi kule, kwa sababu herufi zinaweza kufanana na mashina yakawa mawili. Alipiga mstari, lakini wa penseli, nikajua haniamini.

Na hicho ndicho chanzo cha ugomvi wetu mkubwa: maneno yanayofanana bila udugu. Mayim na maji. Ah, Kaka! Hakuna mtu bonde hili ambaye hajaambiwa kwamba sisi sote ni wana wa Israeli waliopotea njia. Kwenye matatu nilikaa na mzee wa Kikalenjini, mtu mwema, akanieleza kwamba wazee wao walitoka Misri, na ushahidi ni huu na huu. Kijana akampa na wa tatu: mayim, maji! Mzee akapiga goti kwa kofi. Niliwaharibia sherehe. Maji ni ya Kibantu, hiyo ma- ni ileile ya mafuta na maziwa, ukivuka mpaka ukaenda Uganda au Kongo unaikuta kwa sura zake nyingine, na haikuhitaji kuvuka bahari ya Shamu. Mzee hakukasirika, alisema tu kwamba walimu wa Kiswahili hawapendi furaha.

Tofauti na hao kuna watu wasiotafuta ushahidi wa damu. Upande wa Kasuku, Nyandarua, iko jumuiya ndogo ya Wakenya waliochagua Uyahudi wenyewe, wanashika Sabato na kusoma sala kwa Kiebrania, kama Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu tangu 1919. Hao wanajifunza herufi kwa sababu wanazihitaji Ijumaa jioni. Heshima yangu kwao.

Sabato yenyewe uisikilize. Shina lake ni kuacha, kusimama. Shabbat ndiyo siku. Na mgomo wa wafanyakazi, ule wa mabango na filimbi, ni shvita. Mimi niliyegoma na walimu wenzangu Oktoba 1997 sikujua kwamba nilikuwa kwenye sabato ndefu isiyo na mshahara.

Siku za wiki zilitupotezea jioni nzima. Wao wanahesabu: yom rishon, siku ya kwanza, ndiyo Jumapili, kisha ya pili, ya tatu, mpaka yom khamishi, ya tano. Ya tano ni lini? Ni Alhamisi! Sawa kabisa na Kiarabu, na jina letu linasema hivyohivyo, khamsa, tano. Lakini jana yake ni Jumatano, nayo inasema tano. Kijana alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Ilibidi nimweleze kwamba tuna hesabu mbili ndani ya wiki moja: moja yetu, inayoanza Jumamosi, na nyingine ya wageni, inayoanza Jumapili, na wala hazijawahi kugombana. Leo ni Alhamisi, nakuandikia siku ya tano ya pili.

Saa nayo imemla fedha. Wiki yake ya kwanza Arava msimamizi alimwambia gari linaondoka sheva baboker. Baboker ni asubuhi, hilo halikumfikia. Sheva likamwingia sikioni moja kwa moja likawa saba. Angelipitisha kwenye Kiingereza kwanza, kama tulivyozoea, angejua kwamba saba yao ni saa moja yetu. Hakulipitisha popote. Akalala. Gari likaondoka, na siku hiyo haikulipwa, na shamba lenyewe sitalitaja. Lakini nikamwambia asiwacheke wala asijicheke: Waebrania wa zamani walihesabu saa kutoka macheo, na saa sita yao ilikuwa adhuhuri kamili, kama yetu. Yeye ni mtu wa kanisa, akakumbuka mara moja giza lile la Injili, tangu saa sita hata saa tisa, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa na mtu ni wakati gani.

Na sasa lile ninalolihifadhia nafasi ya heshima. Mpya kwa Kiebrania ni khadash. Habari za redio ni khadashot, mambo mapya. Rafiki akikukuta njiani anauliza "ma khadash?", kuna jipya gani? Mwezi wa kalenda ni khodesh, kwa kuwa mwezi ukiandama ni mpya, na wewe unayepanda darini kuutafuta kila Shaabani ikiisha hulazimiki kuelezwa. Weka th mahali pa sh. Kh-d-th. Hadithi! Tulipokuwa watoto bibi alikuwa akisema paukwa, sisi pakawa, na tukadhani hadithi ni kitu cha kale, cha sungura na fisi. Kwa shina lake ni kitu kipya kinacholetwa sasa hivi na aliyeingia mlangoni. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote, nimelisahihisha katika insha elfu kadhaa, na sikulijua. Kijana alikuwa amesonga mbele kwenye neno jingine. Mimi nilibaki hapo mpaka chai ikapoa.

Jingine aliloliokota mwenyewe, na nikampa tiki kubwa. Amina, imani, amini, amana, mwaminifu: hapo msikiti na kanisa hawana la kugombea. Yeye akaandika ma'amin, anayeamini. Na chini yake me'amen. Nikadhani amekosea irabu. "Hapana Mama. Me'amen ni kocha wa mpira." Irabu mbili zimebadilika na muumini amekwenda uwanjani. Unamwamini, au anakuzoeza mpaka uaminike, sijui njia ipi ilipita, lakini ukiyachanganya mbele ya watu wa huko utakuwa umewaambia kwamba timu yako ina muumini mpya kutoka Ureno.

Jumapili iliyopita alinipeleka Gilgil, kama kilomita arobaini kuelekea Naivasha, nauli kajilipia kila mtu yake, alikataa nimlipie. Nilitaka kuona mahali ambapo Kiebrania kilizungumzwa kwenye bonde hili kwa lazima. Mwaka 1944 Waingereza waliokuwa wakitawala Palestina walianza kuwahamishia Afrika watu wa Irgun na Lehi, vikundi vya Wayahudi vilivyokuwa vikiwapiga vita. Kwanza Eritrea, na mwaka 1947 wakaletwa Gilgil, ndani ya seng'enge. Yaakov Meridor na wenzake watano walitoroka kutoka hapo Machi 1948, wakapita Uganda wakaingia Kongo ya Wabelgiji. Waliobaki walirudishwa Julai mwaka huohuo. Mmoja wa waliohamishwa, Meir Shamgar, alisomea sheria akiwa kifungoni kwa njia ya posta, kupitia Chuo Kikuu cha London, na akaja kuwa Rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli kuanzia 1983 mpaka 1995. Khakham, mtu mwenye hekima. Na hapo una hakimu, hukumu na mahakama vyote katika neno moja.

Waingereza walizifanya nchi zetu ghala la watu wasiowataka. Sisi Mombasa tulipewa Sayyid Khalid, sultani waliyemng'oa Unguja, akafia kwetu mwaka 1927. Gilgil wakapewa hawa. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Wakenya wenyewe, katika kambi za Manyani na Hola. Gilgil sikuona kibao chochote. Tulimuuliza fundi wa kuziba pancha kando ya barabara kuu kambi ya zamani ilikuwa wapi, akanyoosha mkono huku, kisha kule, kisha akauliza kama tuna gari. Mkono wake mwingine ulikuwa kwenye gurudumu la lori. Galgal, akasema kijana. Gurudumu ni galgal. Nikafikiria wale wafungwa, waliokua na Biblia yenye mji uitwao Gilgali, wakishushwa kwenye lori mahali paitwapo Gilgil. Na uhamisho kwa Kiebrania ni galut. Mashina mbalimbali, najua, majirani tu kwa sauti. Nimeyaweka kurasa tofauti. Lakini kwa mtu aliyefungwa mbali na kwao, nadhani sauti ilitosha.

Tukiwa njiani kurudi alinionyesha upande wa Rongai, magharibi ya mji, alikoishi utotoni Stefanie Zweig, binti wa Kiyahudi aliyeletwa Kenya mwaka 1938 na wazazi waliokimbia Ujerumani, akasoma bweni hapa Nakuru, na mwaka 1995 akatoa riwaya iliyogeuzwa kuwa filamu, na filamu hiyo ikashinda Oscar mwaka 2003. Nyumbani kwao walizungumza Kijerumani, hivyo hayumo katika daftari letu. Kijana alimtia hata hivyo, ukurasa wa mwisho, chini ya "watu wa huku".

Mtoto anaamka, namsikia. Mambo mawili kabla sijafunga. Nitumie ile kamusi yako ya Kiarabu yenye jalada la kijani. Mpe dereva wa basi la usiku, kijana ataipokea stendi asubuhi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, isilowe mvua. Na unitafutie neno ngamia. Yeye ameliweka chini ya gamal, nami nimelifuta kwa raba mara mbili. Jana amelirudisha, safari hii kwa kalamu.

Dada yako